Singe ya Mahiwa

Mzee mmoja wa Newala alikuwa anauza singe ya Kijerumani, kile kisu kinachovikwa mdomoni mwa bunduki. Singe ilikuwa laki tatu, hadithi yake ilikuwa bure, na hadithi ndiyo aliyoanza kuitoa. Babu yake, alisema, aliipokonya mkononi mwa askari wa Mjerumani pale Mahiwa, Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaja nayo Newala mbio bila kusimama kunywa maji.

Si hadithi ya kubeza. Mahiwa iko kweli, jirani na Nyangao, na mapigano yake yalidumu kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba mwaka huo. Singe yenyewe ilikuwa fupi, ya aina ya 84/98, yenye bapa la sentimita 25 hivi, na hiyo nayo ingeweza kufika kusini: Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ililipenya zuio la Waingereza baharini ikaingia ghuba ya Sudi, kule Lindi, imesheheni silaha. Singe ya vita ile iliyobaki palepale ilipopiganiwa ni kitu cha kumkosesha mkusanyaji usingizi.

"Itoe basi tuione," nikasema.

"Haitoki," akajibu mzee, kama mtu anayetaja sifa ya bidhaa.

"Tangu lini?"

"Tangu Kawawa yuko Waziri Mkuu."

Hapo ndipo penye ugumu. Singe ya vita vya kwanza iliyopokelewa na jeshi la Prussia, dola kuu ndani ya Ujerumani enzi hizo, hutambulika kwa mhuri ulio mgongoni mwa bapa, karibu na mpini: taji, herufi W ya Kaizari Wilhelm chini yake, kisha tarakimu mbili za mwaka, tuseme 15 au 16. Mhuri huo ukiwa ndani ya ala huuoni. Nje kuna dalili nyingine, lakini mzee alikuwa amezimaliza zote. Vibao vya mpini, ambavyo hushikwa na skrubu mbili, alikuwa amevitoa akaweka vya mpingo, na kimoja kimechongwa uso wa mtu mwenye mashavu. Kitako cha mpini, ambako hugongwa mihuri ya ukaguzi, kilikuwa kimefanya kazi ya nyundo kwa miaka, kupasua korosho na kupigilia misumari, hata hakina alama isipokuwa za misumari. Jina la kiwanda kwenye ala lilikuwa chini ya rangi iliyobaki walipopaka milango.

Nikamulika tochi mdomoni mwa ala. Nyigu walikuwa wameziba kwa udongo, rangi ya milango imetiririka ikakauka, na kutu ipo. Ila adui mkubwa kwenye ala hizi ni mwingine. Mdomo wa ala ni kipande cha pekee kilichochomekwa, kikashikwa na skrubu moja ubavuni, na ndani yake kuna springi bapa zinazobana singe isicheze. Springi ikivunjika, kipande chake hujikunja na kujipachika kati ya bapa na ala kama kabari. Kadiri unavyovuta ndivyo kinavyozidi kuuma. Kwa hiyo huvuti. Kwanza unasukuma singe ndani kidogo, unagonga ala taratibu kwa kipande cha mti pande zote ili udongo na kutu vipukutike, unatia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, unaisimamisha mdomo ukitazama juu, unaenda kulala. Asubuhi unafungua ile skrubu kwa bisibisi yenye upana sawa na mfuo wake, maana bisibisi nyembamba huula mfuo na ukishaliwa hapana tena pa kushika. Mdomo hutoka pamoja na bapa, na springi yake iliyovunjika.

Nilieleza yote hayo. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akamwita mjukuu wake, dereva wa bodaboda.

Mjukuu alishauri moto. Nikamkatalia: chuma cha bapa kimekomazwa, na joto likizidi nyuzi 200 kinaanza kugeuka rangi, njano kwanza, buluu baadaye, na ugumu unaondoka nayo. Akashauri pikipiki. Nikamkatalia hiyo pia, lakini kamba ya katani ilikuwa imeshaletwa, na watoto wa jirani wameshapanga mstari.

Ala ikafungwa kwenye mkorosho kwa kile kifundo chake cha kuning'inizia. Mpini ukafungwa kwenye keria. Mjukuu akavuta mafuta, mzee akahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu pikipiki ikaruka. Keria huundwa kubeba gunia linalokandamiza chini. Boliti zake hazikuwekwa kwa kuvutwa nyuma. Ikang'oka nzima. Pikipiki, iliyojikuta nyepesi ghafla, ikampeleka mjukuu moja kwa moja ndani ya banda la kuku. Akatoka salama, ana yai mfukoni ambalo hakuliweka yeye. Keria ilikuwa inabembea kwenye mkorosho. Singe ilikuwa bado alani.

"Hii," akasema mzee, "ndiyo maana yule askari aliuawa. Alishindwa kuichomoa."

Wazo hilo lilimpendeza hata akaanza hadithi upya kwa kuliingiza.

Bibi ndiye aliyechukua kibaba cha mafuta ya taa akafanya nilivyoeleza. Asubuhi nikaifungua skrubu, bibi akashika mpini kwa pindo la kanga, akavuta, bapa likaja na mdomo wa ala na makombo ya nyigu. Watu wote wakainama. Mgongoni mwa bapa hapakuwa na taji wala W. Ubavuni, chini ya mpini, palisomeka wazi kabisa: 41asw.

Herufi hizo ni msimbo wa kiwanda cha E. u. F. Hörster cha Solingen, wakati wa vita vya pili. Arobaini na moja ni mwaka.

"Hii ilitengenezwa 1941, mzee. Babu yako aliipokonya 1917."

Mzee akafikiri. "Basi si ya Kaizari. Ni ya Hitler."

"Ndiyo."

"Ya Kaizari ilikuwa laki tatu. Ya Hitler laki nane."

Mjukuu akaja na simu kumuunga mkono: singe kama hiyo, alisema, Ulaya inauzwa fedha nyingi. Pichani palikuwa na kisu cha vijana wa Hitler. Nikamwonyesha tofauti. Kile kina bapa la sentimita 14 hivi, mpini mweusi wenye nembo ya msambamba, na hakivikwi kwenye bunduki, kwani ni cha mtoto wa kupiga kambi. Isitoshe, vingi vinavyouzwa ni vya kughushi. "Kumbe cha watoto ndicho ghali!" akasema mzee. "Cha wakubwa je?"

Nikaona heri kumweleza njia ninayoidhani mimi. Ureno ilinunua bunduki za Mauser za Kijerumani pamoja na singe zake kuanzia 1937, na zikatumika Msumbiji vita vya ukombozi vilipoanza 1964. Kutoka ng'ambo ya Ruvuma hadi Newala si safari.

"Kwa hiyo Hitler yumo na Mreno yumo," akasema mzee. "Laki tisa."

Mjukuu akakumbusha keria.

Bibi, aliyekuwa ameshachukua stilwaya na ndimu aing'arishe, nilimnyang'anya kwa adabu. Kutu ya singe hukwanguliwa kwa sarafu ya shaba iliyochovywa oili, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma na haikwaruzi mhuri. Tukaafikiana laki mbili na nusu, keria juu yangu. Mzee akaomba bisibisi, akafungua vibao vya mpingo, akavitia mfukoni. Havimo kwenye bei, alisema. Ule uso ni wa babu.