Kisiwa cha Kondoo, Ziwa la Sangara

Nimezaliwa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hatua chache kutoka mwaloni wanakoshushia samaki, na huu ni mwaka wa tisa naishi Inverness, kaskazini mwa Uskoti. Ndugu wakinipigia simu huuliza habari za baridi na mshahara. Leo naomba niwaeleze habari za kisiwa.

Kinaitwa Gruinard. Ukiwa barabarani unakiona vizuri, kama unavyokiona kisiwa cha Saanane ukiwa Capri Point, Mwanza. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, wanasayansi wa serikali ya Uingereza walipeleka kondoo pale, wakawafunga, wakalipua bomu lenye vimelea vya kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na hata watu. Baada ya siku chache kondoo wakaanza kufa. Kimeta sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuelezwa; mfugaji yeyote anajua mzoga wa aina hiyo haupasuliwi. Vijidudu vyake hulala udongoni miaka na miaka. Mzoga mmoja ulisombwa na maji hadi ng'ambo, mifugo ya watu ikafa. Kisiwa kikapigwa marufuku, na hata baada ya kumwagiwa tani 280 za kemikali ya formaldehaidi mwaka 1986, kilifunguliwa 1990. Miaka 48!

Niliposimama pale nilimfikiria sangara, yule samaki mkubwa anayekula samaki wenzake.

Aliletwa ziwani kwetu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na watu walioamini wanatuongezea kitoweo. Hakuwa silaha, wala hakutengenezwa maabara. Lakini kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, walikuwa wanatoweka, na wataalamu wanakadiria aina 200 hivi zimepotea. Fedha ililetwa, sikatai: viwanda vya minofu vimesomesha wengi, nikiwemo mimi. Ila minofu ilipanda ndege, na majirani zetu wengi wakabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa. Kiumbe hai ukishamwachia, humwiti akarudi. Anazaa.

Ndiyo maana habari za uhandisi jeni, yaani kubadilisha jeni za viumbe, zinaninyima usingizi. Siipingi sayansi hii. Tangu 1982 wagonjwa wa kisukari wanatumia insulini inayotengenezwa na bakteria waliobadilishwa jeni. Ninachoogopa ni urahisi wake. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba watafiti nchini Kanada wameunda upya virusi vya ndui ya farasi kwa vipande vya DNA walivyoagiza kwa posta. Virusi hivyo ni ndugu wa ndui ile iliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Waliofanya hivyo walikuwa watafiti wenye nia njema. Je, asiye na nia njema? Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibiolojia upo tangu 1975, Tanzania imeuridhia 2019, lakini hauna wakaguzi wa kubisha hodi kwenye maabara ya mtu.

Huku nako si peponi. Mwaka 2007 ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe ulitoka kwenye eneo la maabara za Pirbright, kusini mwa England, na uchunguzi ukaona huenda virusi vyake vilipenyea kwenye mabomba mabovu ya maji taka. Tofauti ni kwamba ripoti ilichapishwa, mkulima akaisoma. Nyumbani, Januari 2025, tuliambiwa Kagera hakuna Marburg, homa hatari ya virusi inayoua watu, na kabla ya wiki kwisha tukaambiwa ipo. Mama zangu wadogo wako Biharamulo. Siku zile nilipiga simu kila jioni bila kujua niwaambie nini. Maabara zetu zina vijana hodari. Maabara inayohamishika ya Kabaile iliyougundua ugonjwa ule ilikuwa hukohuko Kagera. Tunachokosa ni kuambiwa mapema, kwa Kiswahili, tukiwa bado na nafasi ya kusema hapana. Mbegu, mbu, samaki, chochote kilichobadilishwa jeni, kabla hakijaachiwa, mtaalamu aje mwaloni akae na wavuvi, aulizwe maswali mpaka yaishe.

Baba, ambaye bado anazikumbuka aina za furu kwa rangi zake, nilimsimulia Gruinard kwa simu. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Wenye kile kisiwa waliulizwa?"

Nikamwambia, "Hapana, baba. Kilichukuliwa tu."

"Basi," akasema, "hao ni wenzetu."