Hamis Kachanjwa, Hamisi Kapimwa, Khamis Ndiye Msafiri

Jamani, nisikilizeni kidogo kabla sijapasuka.

Mimi ni mtu mmoja. Mama alinizaa peke yangu, bila pacha, na mkunga wa Pangani aliyenipokea angekuwa hai angenitolea ushahidi. Lakini ukifuata makaratasi, tuko watatu. Yuko Hamisi, wa kitambulisho cha NIDA. Huyo nilimjaza mwenyewe kwenye fomu, sina wa kumlaumu. Yuko Khamis, wa pasipoti, maana cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa na mtu wa madrasa asiyetaka mchezo na herufi. Halafu mwaka 2021 akazaliwa wa tatu, Hamis, bila i ya mwisho, kwa sababu nesi alikuwa ameandika majina tangu asubuhi, joto la Dar limemkaba, akaona i yangu si ya lazima.

Hamis ndiye aliyechanjwa.

Miaka arobaini na sita tumeishi kwa amani, mimi na herufi zangu. Mtaani naitwa Baba Zuwena, dukani Kariakoo naitwa Mzee wa Mabaibui, na wanaonidai wananiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. UVIKO-19 ndiyo iliyokuja kutugombanisha.

Na msidhani mimi ni mgumu wa chanjo. 2020 nilijifukiza kama wenzangu wote. Mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, blanketi juu, sufuria chini, nikatoka pale nimeiva kama chaza. Nakumbuka na ile ya Mei 2020, Rais Magufuli aliposema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kimyakimya zikiwa na majina ya watu, zikarudi na majibu chanya. Watu walicheka papai. Mimi leo nalionea wivu. Papai lilipewa jina na umri, likaenda, likapimwa, majibu yakatoka, na hakuna aliyeliuliza mbona jina la kwenye mche halifanani na la sokoni.

Basi, tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, nami nikajipanga. Mzigo wa kwanza ulikuwa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na sifa yake moja iliniteka: sindano moja, kwisha. Mimi na sindano hatuelewani. Ukinichoma mara moja nikasikia hakuna ya pili, nitakushukuru na kukununulia soda. Nikachomwa, nikapewa kadi, nikatembea Msimbazi kifua mbele. Nimemaliza.

Kumbe nimemaliza kwa Tanzania tu.

Januari 2022 shemeji yangu wa Hamburg akanipigia. Katika kusalimiana akaniuliza nimechanja nini. Nikamwambia kwa majivuno. Akanyamaza. Akasema, "Shem, huku kwetu wewe hujachanjwa kamili." Ati kuanzia katikati ya mwezi huo Wajerumani wameamua sindano moja ya Johnson haitoshi kumwita mtu mchanjwa. Yaani nimelala mzima, nimeamka nusu, na sijagusa kitu! Akaongeza kwamba hata wenye mbili, kuanzia tarehe 1 Februari, cheti cha kusafiria ndani ya Umoja wa Ulaya kinaishi siku 270 tu, labda uchome ya nyongeza. Busta.

Nikamuuliza, kwani hii chanjo ni bando? Nitakuwa nimekaa barazani nasikia mlio wa simu: Ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya kinga yako, piga nyota kumi na tano kuongeza salio.

Wakati huohuo droo ya kabati langu ina kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Imekunjwa, imelowa chai, ina alama ya kidole cha mandazi. Zamani ilidumu miaka kumi, halafu toka Julai 2016 wakubwa wa dunia wakakubaliana kwamba ni ya maisha. Ya maisha! Na begani nina lile kovu la utotoni la chanjo ya kifua kikuu. Hiyo ndiyo rekodi yangu ya afya ninayoiamini. Haina nywila, haiishi chaji, haijawahi kukosea jina langu. Ukibisha navua shati.

Sasa tuje kwenye Dubai, maana huko ndiko nilikomalizika.

Ramadhani ya 2022 ilikuwa inaingia mwanzoni mwa Aprili, na mwenye duka la mabaibui asiyekwenda Deira, kwenye masoko ya Dubai, kabla ya Ramadhani ni sawa na muuza madaftari aliyelala Januari. Wateja walishanipa pesa za oda. Wanawake kumi na saba. Mnajua maana ya kudaiwa na wanawake kumi na saba? Ila tarehe 25 Desemba Falme za Kiarabu walikuwa wamefunga mlango kwa wasafiri wanaotoka kwetu, Kenya, Ethiopia na Nigeria. Mwezi mzima nikawa napitia dukani kwangu kwa mlango wa nyuma. Tarehe 29 Januari wakafungua, na masharti yake haya: kipimo cha PCR, kile cha kijiti puani cha kusubiri majibu ya maabara, ndani ya saa 48 kabla ya kuondoka, kipimo kingine cha haraka hapohapo uwanja wa ndege ndani ya saa sita, na ukitua Dubai unapimwa tena, wasije wakawa wamekukosa.

Vipimo vitatu kwa safari moja, na bado sijanunua hata kitambaa cha kichwa.

Mpwa wangu, mtaalamu wa simu wa ukoo, akanikatia nafasi ya kupima. Akajaza, ikaja kontroo namba, nikalipa. Hiki kipimo cha wasafiri mwanzoni kilitozwa kwa dola, dola 100, utadhani pua yangu imetoka Marekani. Nilicholipa mimi sitakitaja, mke wangu naye anasoma haya. Jumatano saa mbili asubuhi kijiti kikaingia puani. Ndege Alhamisi saa kumi na moja jioni. Nikapiga hesabu: saa 33, ndani ya 48, nimebaki na chenji.

Hapo sikuwa najua kwamba saa zinaanza kuhesabiwa kijiti kinapotoka puani. Mimi nilidhani zinaanza majibu yakitoka, kama mshahara, unaanza kuutumia ukiingia. Kumbe sampuli iko kwenye foleni maabara, na saa zangu zinaliwa. Usiku ule sikulala. Nilikuwa naitazama simu kama mtu aliyemkopesha ndugu yake.

Majibu yakaingia Alhamisi saa kumi na mbili alfajiri. Hasi. Nikaruka, nikampigia mke wangu kigelegele, mwanamume mzima. Nikatuma kwenye kundi la ukoo: "Nimekutwa hasi, leo nasafiri." Dakika tano haijafika simu ya bibi yetu wa Korogwe, miaka tisini na ushee, mtu kamsomea ujumbe nusunusu. "Mume wangu, nani kakuhasi? Na unasafiri kwenda kushtaki?" Nikamweleza bibi kwamba siku hizi hasi ndiyo heri na chanya ndiyo balaa. Akasema dunia imekwisha, akakata.

Furaha yangu ilidumu mpaka binti yangu Zuwena aliposoma cheti. "Baba, mbona hapa Hamisi, na pasipoti Khamis?"

Mpwa wangu alijaza kwa kufuata NIDA. Nimempigia, ananiambia, "Anko, si jina lile lile?" Mwambie hivyo kijana wa kaunta ya ndege! Kwake yeye aliyepimwa ni Hamisi, anayepanda ni Khamis, na huyo Khamis hajulikani pua yake ina nini.

Saa moja nipo dirishani nilikopimiwa. Nimefika wa kwanza, nikawa wa kumi na nne, msiniulize ilivyokuwa. Saa mbili na nusu kijana mmoja akatazama makaratasi yangu, akasikitika kitaalamu, akasema, "Mzee wangu, majina yanapishana. Hapa ulete hati ya kiapo." Hati ya kiapo! Saa tano natakiwa uwanjani kwa kile kipimo cha pili.

Bodaboda. Wakili yuko ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nimefika juu sina pumzi, nakohoa, na wakati ule ukikohoa mbele za watu ofisi inabaki yako peke yako. Katibu muhtasi akasogea mpaka dirishani. Wakili akanisikiliza kwa mbali, akachapa: mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa kwamba Hamisi, Hamis na Khamis ni majina ya mtu mmoja, naye ni mimi. Muhuri mwekundu, saini, elfu ishirini. Nashuka ngazi nasoma, nafika chini, naona jina la mla kiapo limeandikwa Khamisi.

Nikapanda tena ghorofa tatu. Nikamwambia, "Mheshimiwa, sasa huyu wa nne ni nani?" Akaiangalia karatasi muda mrefu. Akasema, "Huyu ndiye anayewaapia wale watatu."

Nikarudi dirishani na kile kiapo mkononi. Yule kijana hayupo, kaenda kunywa chai. Amekaa binti mmoja, Mungu amjalie mume asiyenunua vitu kwa mkopo. Nikamwamkia mimi, wala sikusubiri shikamoo yake. Akatazama pasipoti, akagonga herufi, akachapa cheti kipya. Haikufika dakika moja. Nikamwonyesha hati ya kiapo, akaniambia, "Ya nini hiyo, baba?"

Ninayo mpaka leo. Nimeiwekea fremu.

Kipimo cha uwanjani sitakisimulia sana. Tulikuwa tumekaa wafanyabiashara wa Kariakoo kama waumini wa swala ya jeneza, kila mtu anameza mate kidogokidogo asije akakohoa. Jirani yangu mwenye duka la vipuri alipiga chafya moja, tukamtazama kama mwizi wa ndala msikitini. Hasi. Nikapanda. Nimetua Dubai, kijiti. Nimezunguka Deira siku nne, nimenunua mabaibui, mitandio, na manukato ya mama yeyote atakayenisamehe kuchelewa. Kurudi, Tanzania nayo inataka PCR ya ndani ya saa 72. Kurudi nyumbani kwangu, nilikoacha chungu jikoni! Kijiti.

Mara nne kwa safari moja. Kiwanja changu cha Chanika nimekililia miaka tisa kipimwe, hakijapimwa. Pua hii ingekuwa ardhi, leo ningekuwa na hati miliki na ramani yenye mawe manne ya mipaka.

Na katika safari nzima, hakuna hata mtu mmoja aliyeniomba kadi ya chanjo. Nilikuwa naitoa mwenyewe. "Na hii je?" nawauliza. "Rudisha mfukoni, mzee."

Haya. Mzigo haujaisha kupigwa pasi, inatangazwa: kuanzia tarehe 26 Februari, Falme za Kiarabu hazitaki kipimo kwa aliyechanjwa kamili, mradi awe na cheti chenye kodi ya QR. Nilipolisikia neno kodi moyo ulinilipuka, nikajua TRA, wale watoza kodi, wameingia na kwenye sindano. Zuwena akanieleza ni vile viraka vyeusi vya mraba, kama mkeka uliotafunwa na panya. Kadi yangu ni ya karatasi, haina mkeka. Ikabidi cheti kitafutwe mtandaoni, na kikapatikana, mkeka wake mzuri kabisa, chini yake jina: Hamis. Sasa mwenye mkeka hana pasipoti, na mwenye pasipoti hana mkeka.

Nikasema basi, busta nitachomwa, lakini safari hii naisimamia mwenyewe. Nilikwenda zahanati na pasipoti, cheti cha kuzaliwa na kile kiapo kwenye fremu yake. Nesi alipochukua kalamu nikasimama nyuma ya bega lake kama msimamizi wa mtihani. Ke. Ha. A. Em. I. Es. Simama hapo, dada. Akasimama. Safi. Akaniuliza namba ya simu, nikaitaja huku nimegeukia pembeni, maana mwenzake alikuwa anavuta dawa kwenye sindano na mimi hiyo siiangalii.

Nikaambiwa ujumbe wa uthibitisho utaingia kwenye simu. Siku moja, mbili, tano. Haujaingia. Nikaitoa kadi, nikaisoma: jina sahihi herufi kwa herufi. Namba ya simu, tarakimu ya mwisho, mahali pa saba pana moja.

Nikaipiga hiyo namba. Ikapokelewa na jamaa mmoja yuko Songea, nyuma yake mashine ya kusaga mahindi inanguruma.

"Samahani kaka, mimi naitwa Khamis, niko Dar..."

"Aaah, Khamis!" Akafurahi kama tumesoma wote. "Umechelewa wapi bwana? Meseji zako zote zimefika hapa, nimezitunza, sijafuta hata moja. Hongera sana, umekamilika!"

"Nashukuru kaka. Basi naomba unitumie."

Mashine ikazimwa kule. Akakohoa kidogo.

"Sasa Khamis ndugu yangu, si unajua hali. Nirushie elfu mbili ya vocha hapa, halafu nikutumie kinga yako."