Mwizi wa mbuzi na mwizi wa TV, nani ana kesi kubwa?

Hapa Kenya ukiiba kitu cha kawaida, kifungu cha 275 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema jela isizidi miaka 3. Lakini ukiiba mbuzi, hata kale kadogo kanakonyonya, unaingia kifungu cha 278 na hapo ni hadi miaka 14. Ng'ombe yumo, punda yumo, mpaka mbuni yumo, kuku ndo hayumo. Yani mtu akichukua TV ya elfu 60 dukani mchana bila kuvunja mlango, hatari yake ni ndogo kuliko ya yule aliyeswaga mbuzi wa elfu 8, na watu wakisikia hivyo wanauliza kwa nini sheria isiangalie bei tu, tumalize.

Nawaelewa, manake bei inapimika na haijui sura ya mtu. California walienda njia hiyo, tangu 2014 ukiiba dukani kitu kisichozidi dola 950 ni kosa dogo, masikini aliyeiba nguo hafungwi kama jambazi. Ila wenye maduka wakalia kwamba kuna watu wanarudi kila siku na hakuna kubwa linalowapata, na 2024 wapiga kura wakakaza, aliyeshapatikana na hatia ya wizi mara mbili akirudia anaweza kushtakiwa kwa kosa kubwa hata kama alichobeba ni cha dola chache.

Halafu bei inazeeka. Kifungu chetu cha 279 kinasema ukiiba ndani ya nyumba ya mtu kitu kinachozidi shilingi 100, ni hadi miaka 14. Soo jamani! Saa hizi soo hainunui hata pakiti mbili za maziwa, kwa hivyo sufuria na laptop zote zimepita hicho kiwango na hakichuji kitu tena. Hiki kipandishwe, sioni hoja ya kukitetea.

Lakini mbuzi mi namtetea. Kwa mama anayelipa karo na mifugo, mbuzi ni maziwa, ni watoto wa mbuzi wa mwaka ujao, bei ya sokoni haisemi hayo. Tena miaka 14 ni kilele tu, hakimu anaweza kutoa kifungo cha nje au kazi za jamii. Ninachotaka ni mlalamishi aulizwe kile kitu kilikuwa kinamfanyia nini, kabla ya hukumu, hata kama ni cherehani kuukuu ya elfu 5, kwa sababu saa hizi fundi akiibiwa hiyo cherehani yake kibandani inahesabiwa sawa na simu ya ziada ya tajiri.