Anayeogopa ARV "kuingia kwenye DNA" msimnyamazishe, ana hoja

Hapa Tanga ubishi wa ARV umerudi na safari hii hautoki kwa waganga, unatoka kwa vijana waliosoma biolojia ya sekondari. Wanasema hizi dawa zimetengenezwa kwa mfano wa vipande vya DNA, kwa hiyo ukizimeza zinajichomeka kwenye vinasaba vyako na kuviharibu. Wahudumu wa afya jibu lao ni moja tu, huo ni upotoshaji, watu wameze dawa. Mi naona hawa vijana wanapuuzwa mno, maana nusu ya wanachosema ni kweli kabisa na nusu iliyobaki wangeielewa ndani ya dakika chache kama kuna mtu angekaa nao.

Nusu ya kweli ni hii. Kidonge cha TLD wanachomeza wengi siku hizi kina dawa tatu, na mbili kati ya hizo, tenofoviri na lamivudini, kweli ni herufi bandia za DNA. Kirusi cha UKIMWI kimebeba vinasaba vya RNA, ndugu ya DNA, hakiwezi kukaa ndani ya seli mpaka kwanza kijinakili kuwa DNA, herufi moja ikishikana na nyingine. Herufi halisi ina sehemu ya kushikia kwenye kaboni ya 3 ya sukari yake, hapo ndo inapounganishwa inayofuata. Dawa sehemu hiyo haina. Ni behewa lenye kulabu mbele tu, ukishaliunga kwenye treni hakuna kingine kitakachofuata nyuma yake, na kirusi kinakwama hapo hapo.

Sasa mtu akiuliza, na mimi si nina DNA, seli zangu si zinajinakili kila siku, kuna ujinga gani kwenye hilo swali? Na historia iko upande wake. Zidovudini, ile AZT, ilitengenezwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz wa Detroit akiwa anatafuta dawa ya kansa, yaani ilikusudiwa kuzuia seli za binadamu zisiongezeke. Ilipokubaliwa Marekani kwa ajili ya UKIMWI mwaka 1987 watu walikuwa wanaimeza kila baada ya masaa 4, mchana na usiku, na wengi damu ikawaishia.

Afu ikaja stavudini, na hii ndo inayonikaa moyoni kwa sababu sisi wenyewe tuliiona. ARV za bure zilianza nchini mwaka 2004 na wengi walianzishiwa vidonge vyenye stavudini. Ilizuia virusi vizuri tu, lakini kumbe ilikuwa inamkwaza pia polimerasi gama, kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Mafuta ya mwili yakayeyuka mashavuni, mikononi na makalioni, wengine tumbo likabaki limetokeza, miguu ikawaka moto usiku na kufa ganzi. Mwaka 2009 WHO ikashauri nchi ziachane nayo taratibu. Kwa hiyo dawa iliyoiga herufi ya DNA iligusa kweli DNA ya mtu, sio ile ya kwenye kiini ila ya mitokondria, na watu waliyapata madhara mwilini kabla hawajaelezwa na yeyote.

Kuna mama muuza samaki pale Deep Sea alianza dawa enzi hizo. Mashavu yalibonyea, mishipa ya mikono ikatokeza, watu wakawa wanamjua hali yake kwa kumtazama tu bila kuambiwa. Alipobadilishiwa dawa, kwenye kliniki moja, akamuuliza nesi kijana, "Mwanangu, na hiki kipya hakitanifanya kama kile?" Akajibiwa, "Bibi, we meza dawa, maswali ya nini." Huyu mtu amemeza miaka yote hajaacha, anauliza kitu kilichompata, anaambiwa maswali ya nini!

Wahudumu nao wana lao na sio dogo. Foleni ni ndefu, nesi ni mmoja, na wanakumbuka mwaka 2011 watu walivyofurika Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, wapo walioacha ARV kabisa. Mtu akirukaruka dozi, badiliko moja tu kwenye kirusi, lile la M184V, linatosha kuifanya lamivudini isikiweze. Wanaogopa kwamba ukimwambia mgonjwa madhara atakimbia. Naielewa hofu yao, ila anayefichwa naye anakimbia, tena hakuagi.

Na maelezo yenyewe si magumu. Polimerasi za kwenye kiini cha seli zetu zinachagua sana na zinasahihisha, zikikosea herufi zinaing'oa, wakati kimeng'enya cha kirusi hakina uwezo wa kusahihisha. Lamivudini imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, vimeng'enya vyetu vinaikataa zaidi. Hata asaikloviri wanayopewa watu wenye mkanda wa jeshi ni ya ukoo huohuo, na sijasikia mtu akiiogopa. Na kinachojichomeka kwenye DNA ya mtu na kukaa humo maisha yote ni kirusi chenyewe, dawa ndo inakizuia kisifike kwenye seli mpya. Hiyo sentensi moja ingemtosha kijana yeyote anayebishana kijiweni Ngamiani.

Baada ya hapo mwambieni pia ukweli wa hizi za sasa: tenofoviri inaweza kusumbua figo na kupunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, na akiona mabadiliko arudi aseme. Na mwenye homa ya ini B aambiwe mapema kwamba tenofoviri na lamivudini zinazuia hicho kirusi pia, akiziacha ghafla kwa hofu ya DNA ini linaweza kuchachamaa vibaya hata kabla VVU havijapata nguvu.