Kusema Mji Umechuja Si Kuudharau

Bibi mmoja jirani yangu hapa Lisbon, mzaliwa wa mtaa wa Alfama, alisema juzi dukani, mbele ya watu, kwamba mtaa wake "perdeu a graça", yaani umepoteza ile neema iliyowafanya watu waupende, na wote waliokuwapo wakamwitikia. Nilimwonea wivu. Ningesema mimi maneno hayo kuhusu Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwetu, simu yangu ingejaa matusi kabla ya magharibi.

Mreno husema hivyo juu ya mzaha uliorudiwa mno, juu ya mapenzi yaliyopoa na juu ya mji. Mwingereza naye ana "lost its charm", na katika lugha zote mbili kitenzi ni kupoteza, kwa hiyo msemaji hushuhudia kwanza kwamba kitu kile kilikuwa nacho. Sisi husema kimechuja, kama kanga, na kanga isiyo na rangi haichuji. Kwa nini basi neno hilo likielekezwa kwa mji wetu linageuka kuwa tusi?

Najua nitakaloambiwa: huyu ameonja baridi ya Ulaya, sasa anatuona washamba. Ndugu zangu, Lisbon siisifu. Tangu sheria ya kodi za nyumba ya mwaka 2012, na ile ya 2014 iliyorahisisha kuwapangisha watalii kwa siku chache, wazee wengi wa Alfama wameondoka, na tramu namba 28 imejaa wageni hata mwenyeji anaachwa kituoni. Tofauti ni kwamba wao hulisema kwa sauti, na anayelisema haulizwi uzalendo wake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, nami hujivunia hilo kila ninapoulizwa kwetu ni wapi. Lakini Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, tulilia pamoja, kisha aliyetaja nyufa za majumba mengine akaambiwa analeta kisirani.

Mimi ni mtoto wa Mkunazini, mtaa wa humo humo Mji Mkongwe. Nina haki ya kusema kwamba baraza nilizokalia utotoni sasa zinauziwa vinyago, na kwamba jioni zake hazina tena mvuto ule, bila kutajiwa pasipoti. Anayeniona nina kiburi anijibu hili moja: katika uchochoro wake, ni milango mingapi ambayo ukibisha hodi bado unaitikiwa na mwenye nyumba?