Acheni msasa, hiyo bastola si sufuria

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa hapa Ohio, mtu wa nyumbani kabisa, alikuja kwangu kabeba kitu kwenye taulo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaniambia kaka njoo uone, nimeifufua. Akafungua. Ilikuwa Nagant yake ya 1941, ile revolva ya Kirusi ya risasi saba ambayo mimi mwenyewe nilimshauri ainunue. Inang'aa kama kioo. Kakaa nayo siku tatu na msasa, akamalizia na mashine ya kupolishi, halafu juu akapaka ile dawa ya chupa ya kuweka weusi. Nikaigeuza ubavu kutafuta nyota ya Tula, alama ya kiwanda cha silaha cha mji huo wa Urusi, na mwaka chini yake. Nyota imebaki kivuli. Kwenye mwaka, 19 bado inasomeka, 41 mpaka uinamishe kwenye taa.

Nilishindwa kumsifia jamani. Nikakaa kimya mpaka akaona mwenyewe usoni kwangu, na tangu siku hiyo sijatulia, ndo maana naandika.

Kwa sababu 1941 pale Tula haikuwa mwaka wa kawaida. Oktoba Wajerumani wanausogelea mji, kiwanda cha silaha kinafunguliwa mashine moja moja, zinapakiwa kwenye treni kupelekwa mashariki, na waliobaki wanachimba mahandaki kuulinda mji, na kweli mji haukuchukuliwa. Sasa ile michirizi ya tupa kwenye chuma, aliyoiona kijana wetu akadhani ni uchafu au kazi mbovu, ile ni haraka ya vita! Chukua Nagant ya kabla ya vita uiweke pembeni ya ya wakati wa vita utaona tofauti kwa macho tu, moja imelainishwa vizuri mpaka kwenye kona, nyingine fundi kapitisha tupa mara mbili tatu akaipeleka mbele kwa sababu kuna mtu anaisubiri. Huyo fundi hakuacha jina popote. Alichoacha ni ile mikwaruzo, nasi tumeifuta sebuleni na msasa wa dola tano.

Kijana akanijibu vizuri tu, akasema kaka mbona Wasovieti wenyewe walizipaka upya baada ya vita? Ni kweli. Hizi nyingi tulizonunua hapa Marekani, enzi zile zinauzwa chini ya dola 100 na mfuko wake wa ngozi na kamba yake, zilipita kwenye karakana za jeshi lao, zikafunguliwa, zikapakwa upya, zikawekwa ghalani miaka na miaka. Lakini walipomaliza walipiga mhuri. Kile kiboksi chenye mstari wa kukata katikati, ukikiona unajua hii ilirudi karakana. Yaani jeshi lililoitumia ndilo lililoitengeneza, kisha likaandika kwamba limeitengeneza, hiyo nayo ni historia yake. Wewe na mimi hatuna mhuri. Tukisugua, anayekuja baada yetu anabaki anakisia nini ni cha kiwanda na nini ni cha jirani mwenye mashine ya kupolishi.

Nina kidonda changu kwenye hili. Babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Bama (Burma, siku hizi Myanmar) 1944, na tukiwa wadogo alikuwa anatusimulia revolva ya ofisa wao, imefungwa kamba shingoni isipotee msituni, inafunguka katikati kama mtu anayevunja muhogo na maganda yote yanaruka nje kwa mara moja. Ile ni namna ya Webley, revolva ya Kiingereza. Nikaitafuta miaka, nikaipata Mk VI ya 1917, nikalipa bila kubishana sana, kufika nyumbani nikaangalia nyuma ya silinda, imekatwa. Zilifanyiwa hivyo nyingi sana zilipoletwa huku baada ya vita, risasi za .455 zilikuwa shida kupatikana, basi wauzaji wakapunguza chuma nyuma ya silinda ili iingie .45 ya Kimarekani na klipu zake. Na risasi hiyo ina presha kubwa kuliko ile iliyojengewa Webley, kwa hiyo umeharibu historia na juu yake umempa mwenye bastola kitu cha kumuumiza mkono. Yangu siipigi. Inakaa tu.

Sasa kuna watu watasema basi tuziache zioze. Hapana, hapana. Kusafisha na kurembesha ni vitu viwili tofauti, na wengi wanaorembesha ndo hawajui kusafisha. Risasi nyingi za zamani za jeshi, fataki yake, kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti, ina chumvi. Ukipiga, inayobaki ndani ya mtutu ni chumvi halisi, ndugu yake wa karibu kabisa na chumvi ya jikoni, na inavuta unyevu hewani. Mimi nimekulia Tanga, najua chumvi inafanya nini kwenye bati na kwenye baiskeli, hakuna wa kunifundisha. Mtu anapiga risasi ishirini asubuhi, anarudi anapaka oili, anaona kamaliza. Oili haiyeyushi chumvi! Inaifunika tu, chini yake kutu inakula. Dawa ni maji ya moto, yale yale ya kwenye birika. Hakikisha haina risasi, hakikisha tena, toa silinda, mimina maji ndani ya mtutu na kwenye kila tundu la silinda, pitisha brashi, mimina tena, chuma kikishapata moto kinakauka chenyewe haraka, futa, ndo upake oili nyembamba. Siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Hiyo Nagant lazima silinda uioshe na kwa mbele, maana ukivuta nyundo taratibu na kidole gumba unaiona silinda nzima inasogea mbele kidogo na kuziba ule mwanya kwenye mtutu, revolva nyingine nyingi hazifanyi hivyo, na pale ndipo masizi yanapojificha.

Kama imekuja na ile grisi nzito ya ghalani, joto la draya ya nywele na vitambaa vya zamani, uvumilivu tu. Kutu juu juu, oili na kitambaa cha pamba, sugua kwa kidole. Bisibisi iwe saizi kamili ya skrubu, skrubu iliyoliwa kichwa haifichiki.

Springi nakubali, badilisha. Springi ikichoka imechoka na sitaki mtu aumie kwa ajili ya historia. Lakini ile ya zamani usitupe, weka kwenye kifuko, andika imetoka wapi. Na kama bastola imeshaliwa na kutu mpaka alama hazipo, haya, fanya unavyotaka, ingawa hata hapo mimi ningeiacha. Unayetaka inayong'aa, mpya zipo dukani, zinang'aa zote.

Kijana aliniuliza sasa kaka tufanyeje. Weusi wa kiwandani haurudi. Nikamuuliza ulipiga picha siku unainunua? Akatafuta kwenye simu, akazipata nne, moja ya ubavu kabisa, nyota imekaa pale, 1941 inasomeka bila shida, na michirizi ya tupa imepita kwa mshazari chini ya silinda. Tukaziprinti jioni ile ile. Nyuma ya ile ya ubavu akaandika kwa mkono wake tarehe, na kwamba msasa ni wake, na dawa ya weusi ni yake. Tukazitia kwenye bahasha tukaiweka ndani ya mfuko wa ngozi pamoja na Nagant.