Gari la watu wawili, mmoja anaendesha mwingine anasukuma

Basi bwana, mie nina gari la spoti la viti viwili. Ukiitamka hiyo sentensi mbele za watu unaona kabisa mtu anakuangalia upya kuanzia juu mpaka chini, heshima inapanda, halafu anauliza "la mwaka gani?" na ukimjibu tu anakuangalia tena, safari hii anaishia kwenye viatu. Jina la kampuni nalihifadhi, ugomvi wangu na lile gari ni wa ndani ya nyumba. Jueni tu ni kagari ka wazi ka miaka ya sitini, paa la turubai, kabureta mbili, na viti viwili ambavyo kusema kweli kimoja ni cha dereva na kingine ni cha yule atakayeshuka kusukuma. Anayeshuka ni mama watoto. Ndo maana kwetu hilo gari haliongelewi mezani.

Ila nje ya nyumba nililiongelea miaka na miaka. Nilikuwa na hotuba kabisa. Magari ya siku hizi ni mafriji yenye matairi, mazito, hayana roho, dereva kageuka abiria, gari la kweli la spoti ni la zamani, jepesi, rahisi, mtu wa kawaida analimudu. Na ushahidi nilikuwa nao, msinione hivi. Nawatajia Austin-Healey Sprite ya 1958, ile ya macho ya chura, taa zimetokeza juu ya boneti linakukodolea kama unalidai. Injini sisi 948, nguvu farasi 43, vitu kibao wameazima kwenye magari ya kawaida ya familia, usukani kwa mfano walitoa kwa Morris Minor, na ndo siri ya kuwa bei chee. Kwa kubana matumizi hata mlango wa buti hawakuweka, begi unalitumbukiza kupitia nyuma ya viti, umeingia nusu mwili miguu iko nje kama unamsaka paka uvunguni. Vitasa vya nje hakuna pia, unapitisha mkono ndani ndo ufungue. Na mie hayo nilikuwa nayasimulia kama sifa! Mtu gari halina kitasa namwambia hapo ndo penye utamu.

Nikitoka hapo naingia 1962, mwaka mtukufu. MGB ilitoka mwaka huo ikatengenezwa mpaka 1980, zaidi ya laki tano ukijumlisha na zile za paa la bati. Triumph Spitfire nayo 1962 mpaka 1980, utadhani walikuwa pacha, hiyo boneti lake lote linainuka kwenda mbele pamoja na madigadi, unakaa zako juu ya tairi unatengeneza injini kama uko sebuleni. Nilikuwa nawaambia watu oneni, hawa walimfikiria mwenye gari. Siku hizi ndo naelewa, walijua kabisa atakuwa anaishi humo.

Sasa mwanafunzi wangu mkubwa kwenye hiyo hotuba alikuwa shemeji yangu, kaka yake mama watoto. Alikuwa anasikiliza kwa adabu, anatikisa kichwa, eeh shem, kweli shem. Kumbe mwenzangu kichwani anapiga hesabu zake. Jumamosi moja nasikia mlio barabarani, natoka, namkuta anapaki Mazda MX-5, hii ya umbo la nne ambalo lilitoka 2015, kaiweka nyuma ya langu karibuuu kabisa, mbili zinafuatana kama mtoto na babu yake wanaenda kliniki. Nikasema moyoni alhamdulillah, leo nimepata mfano wa kufundishia.

Nikaanza na uzito maana huo huwa haukosi. Shem, nikamwambia, hili limenenepa hili. Akatoa simu. Eti ya injini ya lita 1.5 kule Japani ilitangazwa na kilo 990, na kwa urefu, milimita 3,915, ni fupi kuliko MX-5 ya kwanza kabisa ya 1989. Nikasoma mara mbili. Jamani, kila kitu duniani kimenenepa tangu 1989, mie mwenyewe wa kwanza, sasa hako kagari kameongezewa mifuko ya hewa, kamera, sijui kompyuta ngapi, hiyo minofu kameiacha wapi? MGB ninayoisifia ilikuwa na kilo mia tisa na kitu bila hata mfuko mmoja wa hewa, hewa yake yote ilikuwa inaingilia pembeni ya dirisha.

Nikabadilisha mashtaka. Nikasema hawa wameiga, MX-5 ni Lotus Elan ya 1962 imevaa kimono. Na hilo ni kweli, Elan ndo waliyoitazama, hakuna anayeficha. Shemeji akasema sawa shem, sura wameiga, kuvuja wameacha. Halafu akanipiga historia ambayo mie ndo nilimfundisha, kwamba mwaka 1979 Bob Hall, mwandishi wa magari Mmarekani, alimwambia Kenichi Yamamoto, mmoja wa wakubwa wa Mazda, kwamba watu wanataka kagari kepesi ka wazi kama zile za zamani maana zile zinakufa na hakuna anayezirithi, na ikachukua miaka kumi mpaka wakaionesha Chicago 1989. Miaka kumi. Mie siku hiyo nikachukulia ni uzembe, sasa nadhani muda wote huo walikuwa wanatafuta mpira wa dirisha.

Nikaingia ndani nitafute ubaya kwa mikono yangu. Na nikaupata! Mbele ya abiria hakuna droo. Kweli kabisa, hiyo ya umbo la nne haina, vitu vyako unavitia kwenye kisanduku kiko nyuma katikati ya viti, unajipinda kama unajikuna mgongo. Nikapiga kelele, shem hii ni gari au kopo, langu la miaka hiyo yote lina droo! Mama watoto alikuwa mlangoni, akasema taratibu, droo ipi, ile inayofunguka yenyewe kwenye tuta na kunimwagia fyuzi mapajani? Nikajifanya sijasikia nikaenda buti. Lita 130, mabegi mawili madogo yanayopendana. Na tairi la akiba hakuna, wamekupa gundi na kapampu. Hapo nikasema nimeshinda. Nikamshika shemeji mkono mpaka kwenye buti langu nimuoneshe maana ya tairi la akiba, nikainua kapeti kwa mbwembwe, tukalikuta limelala bapa kama kandambili. Hatukusema kitu wote wawili. Nikarudisha kapeti.

Kasi hata sikugusa maana najiheshimu. Ile ya lita 2 ya kuanzia 2019 ina farasi 180 na kitu, injini inazunguka mpaka mara 7,500 kwa dakika, sekunde sita na nusu hivi uko kwenye mia. MGB mpya kabisa ilikuwa inataka zaidi ya sekunde 12, na Sprite kama 20, sekunde 20 unaweza kumaliza salamu zote na kuulizia wagonjwa. Langu mie silipimi kwa sekunde, nalipima kwa kama tumefika.

Lakini kilichoniua ni paa. Mvua ikaanza, matone yale mazito ya kwanza. Shemeji hata hakusimama, kakaa kwenye kiti, kanyoosha mkono mmoja nyuma, kavuta paa kama mtu anavuta shuka, klap, kafunga klipu moja, basi. Nilihesabu, hata pumzi sikuwa nimemaliza kuivuta. Mie huku nimeshatoa vyuma buti, kuna viwili vinafanana ila havifanani, cha kulia ukikiweka kushoto kinaingia vizuri kabisa na ndo ubaya wake, halafu turubai lenyewe likishanyeshewa linasinyaa, unalivuta mpaka kifungo cha mwisho kimebakiza kidole kimoja kufika, unaita mtu akalie paa, mtu anakalia, kifungo kinafika, cha upande wa pili kinachomoka. Nimemaliza, mvua imekatika, jua linawaka, na ndani ya gari kuna maji ambayo sasa paa linayazuia yasitoke.

Halafu kabureta. Mtu ambaye hajawahi kuwa na kabureta mbili asinishauri kuhusu ndoa. Zinatakiwa zivute hewa sawa kwa sawa, moja ikizidi mwenzie inanuna na gari zima linatetemeka, kwa hiyo unachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mvumo, unahamia ya pili, unasikiliza, unageuza skrubu robo ya robo, unarudi ya kwanza. Na juu zina vifuniko vidogo vya kufungua kwa mkono, ndani unaweka oili kidogo, ukisahau gari linakohoa kila ukikanyaga mafuta. Jirani alinikuta nimefumba macho mpira uko sikioni akaenda kumuuliza mama watoto kama siku hizi napima magari presha. Nikamwambia shemeji, lakini shem wewe injini yako unaijua? Akasema hapana shem, sijawahi kufungua boneti. Yaani alivyosema! Kama mtu anasema sijawahi kulazwa.

Ukiniuliza kwa haki, kuna kitu kimoja tu ambacho sina ugomvi na mtu, zile taa za kuinuka za MX-5 ya kwanza. Walikuja kuziondoa umbo la pili, 1998. Gari lilikuwa linafumbua macho jioni kama mtu ameamshwa. Hiyo siwasamehei.

Na usukani, nao nina la kusema. Wa kwake ni wa umeme, mwepesi, msafi, unakupa habari muhimu tu kama mtu msomi. Wa kwangu unanipa habari zote, kila kokoto, kila ufa, mpaka mambo ya barabarani ambayo hayanihusu. Nikamwambia shemeji hebu chukua funguo uendeshe uone tofauti, ila choki vuta nusu tu usivute yote, na ukisimama usizime, na indiketa ya kushoto toa mkono. Kwa bahati likawaka mara ya pili, nikaweka uso wa mtu ambaye ndo kawaida yake.

Alikaa nusu saa. Mie nimekaa kwenye MX-5 yake naangalia skrini, kiti kimenishika kiuno vizuri, hakunuki petroli, najisikia mgonjwa kwa raha. Akarudi nywele zimesimama, jicho moja linatoka machozi, meno yote nje. Shem! akasema, nilikuwa nakwenda sitini tu nikaona kama mia na sitini, klachi inanipiga goti, kila kitu kinapiga kelele, sijacheka hivi tangu ninunue gari! Langu mie nikienda sitini nasinzia! Akashuka, akalizunguka, akalipiga boneti kofi la mapenzi. Kisha akasema, shem, tubadilishane?

Nikanyamaza. Hotuba yote ya miaka na miaka ikapita mbele yangu, roho ya gari, dereva na chombo, gari bila kitasa ndo utamu. Nikaona na mama watoto ameegemea mlango ananiangalia anasubiri nitamjibu nini kaka yake. Nikasema subiri kidogo. Nikaingia ndani, nikafungua kabati, nikarudi nimebeba kadi ya gari, funguo ya akiba, kile kipande cha mpira, na kichupa cha oili ya kabureta.

Nikawakuta wote wawili wameshikana mabega wanacheka hawana mbavu. Shem, nakutania bwana!

Nikawaambia hata mie nimeitoa tu hiyo kadi ipate hewa.